Mkulima na Mashine: Mikanda ya Msumeno Inayoisha Kabla ya Wakati Wake

Barua tunayoijibu juma hili imetoka kwa Bwana mmoja wa upande wa Kinangop, mkulima wa viazi na mwenye miti, naye anaandika kwa niaba yake na ya wenzake wanne. Watu hawa watano walichanga fedha, wakaongeza mkopo juu yake, wakanunua mashine ya kupasulia magogo, ile ndogo yenye msumeno wa utepe, inayoweza kuvutwa na trekta kutoka shamba hata shamba. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi mashine iliwafaa sana. Halafu injini yake ya dizeli ikafa, wakafungiwa injini mpya ya petroli, na tangu siku hiyo mikanda inayopeleka nguvu ya injini kwenye msumeno imekuwa haikai. Zamani jozi moja ilidumu miezi mingi. Sasa huisha kwa siku nane au tisa za kazi. Katika miezi miwili wamekwisha kununua jozi sita. Wenzake watatu wamekata shauri kwamba kosa ni la kijana anayeiendesha mashine, na bei ya jozi mbili za mwisho imetolewa katika mshahara wake. Bwana huyu hana hakika. Anauliza mambo mawili: ni kitu gani kinachokula mikanda, na je, wamemtendea kijana haki?

Amefanya jambo moja la busara, nalo ni kwamba hakuitupa mikanda iliyochakaa. Pamoja na barua ametuletea kipande cha jozi ya mwisho, kimefungwa katika karatasi, na vipimo vya mashine yao vilivyoandikwa vizuri. Kwa hiyo twaweza kumjibu kwa mambo tuliyoyaona kwa macho, wala si kwa kubahatisha.

Jambo hili si dogo kwa wenye miti. Tangu Februari 2018, Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma, wanunuzi wa mbao waliyageukia mashamba ya watu, na mashine ndogo za namna hii zikaonekana mahali ambapo zamani palikuwa na msumeno wa mnyororo peke yake. Faida yake ni kubwa. Msumeno wa mnyororo hugeuza kuwa unga milimita 8 hivi za mti katika kila mpasuo, hali utepe hugeuza milimita 2 tu. Chukua gogo la sipresi lililochongwa pande nne, lenye unene wa sentimita 30, ulipasue mbao za milimita 25: kwa mnyororo utapata mbao 9, kwa utepe utapata 11. Mbao mbili katika kila gogo ndizo zinazolipa mkopo. Lakini mashine ikisimama kila juma kwa ajili ya mkanda, mbao hizo mbili huliwa na duka la vipuri, na siku ya kazi iliyopotea hailipwi na mtu.

Kwanza yafaa kuelewa mkanda wenyewe unafanyaje kazi. Mafundi wengi huuita fenibelti, kwa sababu unafanana na ule unaozungusha feni ya motokaa. Ukiukata na kuutazama kwa upande utaona kwamba ni mpana juu na mwembamba chini, kama kabari. Puli, yaani gurudumu ambalo mkanda hulizunguka, ina mfuo wenye umbo hilo hilo. Injini inapovuta, mkanda huingia ndani ya mfuo kama kabari inavyoingia katika gogo, na mbavu zake mbili hubana kuta za mfuo. Ni mbavu zinazofanya kazi, si tumbo. Tumbo la mkanda halipaswi kabisa kugusa sakafu ya mfuo, maana likigusa, kabari haibani tena. Mkanda wa mpira wa namna hii ulitengenezwa na John Gates katika mji wa Denver, Marekani, mwaka 1917, na jambo lililowapendeza watu ni kwamba ulishika puli kwa nguvu pasipo kukazwa sana kama mikanda bapa ya ngozi iliyotumika zamani. Wenye mashine za kusaga posho bado wanaijua mikanda bapa na taabu zake.

Ndani ya mpira huo mna nyuzi ngumu zinazobeba mvuto wote. Mpira ulio chini ya nyuzi kazi yake ni kukunjika na kukunjuka kila mkanda unapopita juu ya puli. Basi mkanda huweza kufa kwa njia mbili: ama mbavu zake zimeliwa kwa kuteleza, ama mwili wake umechoka kwa kukunjwa. Na kila kitu kinachoutia joto huziharakisha njia zote mbili. Kuna kanuni wanayoitumia watengenezaji wa mikanda, kwamba joto la mkanda likizidi kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha yake hupungua nusu. Mtu aliyelishika neno hilo moja ataelewa karibu mambo yote yanayofuata.

Sasa tukitazame kipande kilicholetwa. Mbavu zake zinang'aa kama kioo, tena ni ngumu, kucha haiingii. Hiyo ni alama ya kuteleza: mkanda umesuguana na puli inayozunguka kwa kasi kuliko mkanda wenyewe, mpira ukapikwa. Kwa tumbo kuna nyufa ndogo ndogo zilizokata kutoka ubavu hata ubavu, karibu karibu kama mistari ya daftari. Hiyo ni alama ya kukunjwa kupita kiasi na ya joto. Tena ubavu mmoja umeliwa zaidi kuliko mwenzake, ingawa si sana. Hiyo yaonyesha kwamba puli mbili hazikabiliani sawasawa. Hatukuona nyuzi zilizokatika upande mmoja, alama ambayo huonekana mtu anapouingiza mkanda kwa kuupenya na bisibisi. Tutarudi kwenye jambo hilo, kwa maana linamhusu kijana.

Alama tatu, lakini sababu iliyo kubwa iko katika vipimo. Injini ya dizeli ilizunguka mara 2,200 kwa dakika na puli yake ilikuwa na upana wa milimita 125. Injini ya petroli, yenye nguvu za farasi 13, huzunguka mara 3,600. Fundi aliyeifunga alijua kwamba akiiacha puli ile ile, msumeno utakimbia kupita kiasi na kuwa hatari; kwa hiyo akatafuta puli ndogo ya milimita 75. Hesabu yake ya mwendo ilikuwa sahihi, na yeyote anaweza kuihakikisha: 2,200 mara 125 ni 275,000, na 3,600 mara 75 ni 270,000. Mwendo wa utepe haukubadilika. Hapo hatuna la kumlaumu.

Jambo ambalo hesabu hiyo haikulitazama ni mkanda. Juu ya mgongo wa mikanda yao kumeandikwa herufi B. Mkanda wa B una upana wa milimita 17 juu na unene wa milimita 11, na puli ndogo kuliko zote inayopendekezwa kwa mkanda wa kawaida wa unene huo ni ya milimita 125. Ile puli ya zamani ilikuwa mpakani hasa. Puli mpya imeshuka chini ya mpaka kwa milimita 50. Jaribu kuukunja mkanda mpya kwa mikono yako juu ya kikombe, kisha juu ya sufuria, utaona tofauti. Na mkanda wao, kwa urefu ulio nao, huipitia puli ile ndogo mara 8 hivi katika kila sekunde, ambayo ni karibu mara 29,000 kwa saa. Hakuna mpira utakaovumilia kukunjwa namna hiyo bila kupata joto na kupasuka.

Kuna na jambo la pili. Kutoka kati ya puli moja hata kati ya puli nyingine pana sentimita 60, na puli kubwa ya upande wa msumeno ina upana wa sentimita 28. Kwa vipimo hivyo, mkanda ulikuwa ukiishika puli ya zamani ya injini kwa urefu wa kama milimita 180. Puli mpya unaishika kwa milimita 105 tu. Mzigo ni ule ule: nguvu za farasi 13 kwa mwendo huo ni mvuto wa kama kilo 70, sawa na mtu mzima anayening'inia juu ya mikanda miwili wakati wote injini inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Zamani mtu huyo alishikwa kwa kiganja kizima. Sasa anashikwa kwa vidole. Ndiyo sababu mikanda inateleza, na ndiyo sababu mashine inalia kwa sauti kali gogo linapokuwa gumu, kama Bwana huyu alivyoandika.

Dawa ya kweli, basi, ni kuirudisha puli kubwa. Lakini haiwezekani kuibadilisha hiyo peke yake, maana msumeno utakimbia mno. Kwa puli ya milimita 125 juu ya injini ya mizunguko 3,600, puli ya upande wa msumeno ingepasa kuwa na upana wa karibu sentimita 46, na huenda isipate nafasi chini ya kifuniko. Njia iliyo bora kwa maoni yetu ni injini ya petroli ya aina ile iliyo na gia za kupunguza mwendo kwa nusu ndani yake. Injini za namna hiyo zinauzwa madukani, na mhimili wake wa kutolea nguvu huzunguka mara 1,800 tu kwa dakika. Hapo utafunga puli ya milimita 150, maana 1,800 mara 150 ni 270,000, na mikanda itapumua. Ikiwa duka lililowauzia litakubali kubadilishana kwa kuongezewa fedha, na waharakishe, kabla injini haijawa kuukuu. Mtakapoifunga, angalieni upande ambao mhimili unazungukia. Baadhi ya gia hizo huugeuza.

Kama fedha hazipo sasa, kuna njia ya katikati. Ipo mikanda ya B iliyokatwa meno kwa tumboni, nayo hukunjika kwa urahisi na kutoa joto upesi kuliko ile iliyo laini. Puli ya milimita 100 na injini ikipunguzwa hadi mizunguko 2,700, pamoja na mikanda hiyo yenye meno, itawapa mwendo ule ule wa utepe na mateso kidogo kwa mkanda. Lakini wajue kwamba injini iliyopunguzwa hutoa nguvu kidogo, kwa hiyo gogo litasukumwa polepole, na mbao za siku zitapungua. Tungeichukua njia hii kwa msimu mmoja, si zaidi. Kununua mikanda ya bei kubwa na kuiacha puli ya milimita 75 mahali pake hatukubali. Mikanda itadumu siku kidogo zaidi, lakini shida haitaondoka.

Baada ya puli, kuna kuinyoosha. Kabla ya kugusa chochote, zima injini, vua waya wa plagi, na ungoje utepe usimame kabisa. Utepe wa msumeno ukirushwa na injini iliyoshtuka hausamehi mkono. Kisha chukua uzi mwembamba, uuvute ulalie uso wa puli kubwa na kufika uso wa puli ndogo. Ikiwa kingo za puli zote mbili zina unene mmoja, uzi unapaswa kugusa mahali pane kwa mara moja, pawili kwa kila puli. Ukiona mwanya, injini imekaa kombo au puli imesogea juu ya mhimili. Kwa nafasi ya sentimita 60, upotofu usizidi milimita 5, na kadiri ulivyo mdogo ndivyo mkanda unavyofurahi. Legeza bolti za injini, isogeze, kaza, upime tena. Maana mara nyingi kule kukaza bolti ndiko kunakoipotosha injini tena. Angalia vile vile kama kitako cha injini kimepinda. Injini ya petroli na ya dizeli hazina mashimo ya bolti mahali pamoja, na kitako kilichotobolewa upya kwa haraka hulegea kwa mtikisiko. Ubavu mmoja wa mkanda ulioliwa zaidi unatuambia kwamba jambo hili lipo katika mashine yao.

Tazama na mifuo ya puli. Jozi sita za mikanda zilizoteleza humo hazikuondoka bila kuacha kitu. Ukuta wa mfuo mzima umenyooka. Ukuta ulioliwa umebonyea kama sahani. Ukibonyea zaidi ya milimita 0.8, puli hiyo imekwisha, hata kama inang'aa kwa uzuri. Kuna jaribio lililo rahisi: laza mkanda mpya katika mfuo. Mgongo wake wapasa kuwa sawa na ukingo wa puli au kupita juu kidogo. Ukizama ndani, na sakafu ya mfuo ukaiona inameremeta, basi tumbo limekuwa likigusa chini na kabari haibani. Mtu akifunga mkanda mpya katika puli ya namna hiyo, anautupa.

Kuhusu kukaza, watu wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili hununua mikanda mingi. Kundi moja huacha mkanda ukilegea kwa kuogopa kuua beringi. Jingine, likisikia mlio, hukaza mpaka mkanda unapolia kama uzi wa zeze, na baada ya mwezi beringi za injini zimekwisha. Kipimo kipo. Katikati ya sehemu ya mkanda iliyo wazi, baina ya puli mbili, ubonyeze kwa mzani wa ndoano. Kwa nafasi ya sentimita 60 mkanda upaswa kushuka milimita 10 hivi, na kwa mkanda wa B juu ya puli ya milimita 125 au 150 nguvu ya kuushusha hivyo ni kama kilo 2 hadi 3 na nusu. Mkanda mpya ukazwe karibu na nguvu ile ya juu, maana utajinyosha na kujiketisha katika mfuo. Uendeshe nusu saa, uzime, upime tena. Upime tena mwisho wa siku ya kwanza, na tena kesho yake. Twaamini kwamba nusu ya mikanda inayokufa upesi hufa kwa sababu hakuna aliyeipima siku ya pili.

Mikanda miwili ibadilishwe pamoja siku zote, ya kiwanda kimoja na ya namba moja. Mpya ikifungwa kando ya kuukuu, ile mpya ni fupi kidogo, itabeba mzigo wa zote mbili, nayo itafuata ndugu yake kaburini.

Tulipata katika barua maneno mengine mawili ambayo Bwana huyu aliyataja kwa kupita tu, lakini sisi twayaona yana uzito. La kwanza, kwamba wanaufuta utepe kwa tambara lililolowa dizeli ili kuondoa utomvu wa sipresi. Dizeli hulainisha mpira na kuuvimbisha, na katika mashine hizi matone yake hurushwa mpaka kwenye mikanda, na hata kwenye mipira iliyovishwa magurudumu makubwa yanayobeba utepe. Tumieni maji yenye sabuni kidogo, yadondoke juu ya utepe polepole karibu na mahali unapoingia katika mti, wala yasimiminwe. Tena msipake mkanda unaolia sabuni, wala lami, wala ile dawa ya kopo inayouzwa kwa kazi hiyo. Mlio utanyamaza siku moja, kisha unga wa mbao utaganda juu ya dawa hiyo kama ugali chini ya sufuria, na mfuo utajaa. Unga wa mbao uondolewe kwa brashi kavu kila jioni, na kifuniko cha mikanda kirudishwe mahali pake.

La pili ni kwamba tepe zao hupelekwa mbali kunolewa, kwa hiyo kila moja hutumika mpaka ikatae kabisa. Watu hawaoni uhusiano wa jambo hilo na mkanda, lakini upo. Utepe butu huhitaji nguvu nyingi zaidi ili kukata ubao ule ule, na nguvu hiyo yote lazima ipite katika mkanda. Utepe wafaa kuvuliwa baada ya saa moja na nusu au mbili za kukata, ungali na makali kiasi, na mapema zaidi kama gogo lilikokotwa juu ya udongo na gamba lake limejaa mchanga. Gogo la mkaratusi lina tabia yake: likipasuliwa hujikunja na kuubana utepe. Mwenye akili hutia kabari ndogo nyuma ya msumeno mpasuo unapoanza kufunga, na hugeuza gogo mara kwa mara badala ya kulipasua upande mmoja mpaka mwisho.

Sasa tumfikie kijana. Katika mashine yao mkanda unakazwa na kulegezwa kwa mkono wa chuma, nao ndio klachi. Kila unapovutwa, mkanda huteleza kidogo mpaka gurudumu lishike mwendo; hilo haliepukiki. Lakini likifanywa wakati injini inanguruma kwa nguvu zote, au wakati utepe umekwisha kugusa gogo, mkanda hupikwa kwa sekunde chache. Apaswa kuuvuta mkono injini ikiwa katika mwendo wa chini, utepe ukiwa nje ya mti, auvute kwa mara moja mpaka mwisho bila kuuchezea katikati, ndipo aongeze mafuta. Bwana huyu anatuambia kijana huvuta mkono injini ikinguruma. Hilo na arekebishe. Lakini anaiendesha kama alivyoonyeshwa alipoajiriwa, na kwa namna hiyo hiyo aliendesha mwaka mzima na zaidi wakati wa dizeli, na mikanda ilidumu. Kama mkono wake ndio uliokuwa ukila mikanda, ungeila tangu mwanzo.

Tena tulisema kwamba nyuzi za mkanda ni nzima. Mtu mvivu, badala ya kulegeza bolti za injini, huuingiza mkanda kwa bisibisi, na nyuzi za pembeni hukatika. Mkanda wa namna hiyo baadaye hujipindua ndani ya puli au hukatika ghafula ukiwa bado mpya. Kijana huyu hakufanya hivyo. Amekuwa akiifunga mikanda kwa njia iliyo sahihi, kazi ambayo kwa mashine yao humchukua karibu saa nzima, na jozi zote sita ni yeye aliyezifunga.

Kuhusu mshahara, sheria haikuacha jambo hili wazi kwa kila mwajiri kuamua apendavyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea, lakini ni pale ambapo hasara hiyo imeletwa na kosa la mfanyakazi alilolitenda kwa makusudi. Katika kipande cha mkanda tulichokishika mkononi hatuoni makusudi ya mtu. Tunaona puli ya milimita 75. Fedha za jozi mbili na zirudishwe kwa kijana, na zirudishwe na wote watano kwa kuwa mashine ni ya wote watano, wala asiachiwe mwandishi wa barua peke yake kwa sababu ndiye aliyeuliza.

Twajua kwamba maneno haya yatasomwa katika mkutano wao, na kwamba wale watatu huenda wasiyapende. Nawaweke jozi zote sita za mikanda mezani, na kila mtu aitazame mbavu na matumbo kwa macho yake. Kisha na waulizane ni kitu gani kilichobadilika siku ile mikanda ilipoanza kufa. Kijana ni yule yule, magogo ni yale yale, mwendo wa utepe ni ule ule.

Jambo la mwisho ni la dukani. Namba iliyo juu ya mkanda si mapambo. Katika mikanda ya B, namba inayofuata herufi ni urefu wa ndani kwa inchi. B 68 ni mkanda wa inchi 68. Puli ikiongezwa upana, urefu wa mkanda nao utabadilika: kwa nafasi ya sentimita 60, na puli za milimita 150 na 280, watahitaji kama B 72 au B 73, ikitegemea injini inaweza kusogea kiasi gani juu ya kitako chake. Wapime kwa uzi juu ya puli zenyewe kabla ya kununua. Wasikubali kupewa mkanda wa A kwa kuambiwa kwamba ni mmoja. Huo una upana wa milimita 13, utazama katika mfuo wa B na kukaa juu ya tumbo lake. Na jozi ya akiba itundikwe juu ya kigingi kinene ndani ya ghala, mbali na jua na mbali na pipa la dizeli, isikunjwe wala kufungwa kwa kamba.

Barua mbili za wenye mashine za kukata majani ya ng'ombe zimetufikia pia, nazo tutazijibu juma lijalo.